Mstari Mwekundu Mgongoni mwa Jiwe

6 Januari

Mpwa wangu, Daktari wa Mawe,

Natumaini barua hii itakukuta umekula na umevaa soksi. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana na anauliza kama mjukuu wetu bado anaogopa kuku. Paa la jiko limeacha kuvuja. Nilipanda kuliziba mwenyewe, na kabla hujaanza kunigombeza, Haraka alinishikia ngazi. Bila shaka unamkumbuka Haraka wa machimboni, yule tuliyempa jina hilo kwa sababu hajawahi kufanya jambo lolote haraka. Ile simu uliyonitumia nashukuru sana, imekaa vizuri kabatini. Miaka hamsini ya nyundo imeyamaliza masikio yangu. Nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anakaanga kitu. Barua hainipigii kelele.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unaikumbuka zahanati ya kule juu mlimani, tuliyoipelekea mawe mwaka ule ulipokaa nami machimboni ukisubiri matokeo ya mtihani. Ukuta wake mmoja unabanduka, mwaka wa pili huu. Mawe yanatoka magamba makubwa kama sahani, unayaokota chini asubuhi. Huko juu baridi si mchezo, nyasi zinaamka nyeupe kwa jalidi miezi mitatu mfululizo. Kamati ya zahanati inasema jiwe letu ni bovu, haliwezi baridi. Wanataka kuubomoa ukuta, na wodi mpya ya wazazi waijenge kwa mawe ya kwingine. Kikao cha kuamua ni mwezi wa sita. Wakilikataa, habari itasambaa, na machimbo yatafungwa. Watu kumi na wanne wanakula kwa shimo lile, mpwa wangu.

Nakutumia jiwe moja lililong'olewa kwenye ukuta huo. Wewe ndiye msomi wa haya mambo. Jiwe langu ni bovu? Nijibu kwa ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ni mimi mjomba wako, bado nimesimama.

2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Soksi nimevaa, pea mbili. Mjukuu wako kang'oka jino la mbele na sasa anacheka mdomo umefungwa kama bibi harusi. Kuku hawaogopi tena, anaogopa jogoo tu, na mimi siwezi kumlaumu. Mwambie mkaza mjomba ile sweta aliyonifumia ndiyo ninayovaa hapa maabara kila siku. Wenzangu wanaitania rangi yake, lakini wanaoumwa mafua ni wao.

Jiwe limefika salama. Ahsante kwa kuniamini nalo. Nimelikata vipande kumi na viwili, kila kimoja kama nusu mche wa sabuni ya kufulia. Nikueleze ninachokifanya, maana najua utauliza. Jiwe, hata liwe gumu vipi, lina vitundu ambavyo jicho halivioni, na maji huingia humo. Baridi ikikaza maji yanaganda, na yakiganda yanataka nafasi zaidi, kama sehemu moja zaidi kwa kila kumi. Vitundu vikiwa vimejaa pomoni, nafasi hiyo haipo, basi barafu inasukuma. Jua likitoka inayeyuka, maji yanapenya ndani kidogo zaidi, na kesho yake yanasukuma tena. Jiwe kavu haliogopi baridi. Linaloliua ni maji na baridi vikikutana. Kwa hiyo mimi nalinywesha jiwe lako maji, nalitia kwenye friza, nalitoa, naliyeyusha, naanza upya. Friza inagandisha jiwe mpaka ndani kuliko jalidi, kwa hiyo baada ya miezi miwili litakuwa kama limepitia baridi za miaka mingi.

Maswali mawili. Kwanza, upande mmoja wa jiwe umechongwa upya, alama za tindo bado nyeupe. Kwa nini? Pili, ni ukuta gani wa zahanati?

Mpwa wako akushukuruye.

1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba mara mia. Sisi wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo yamekula njama dhidi yangu. Yamenianza kama miaka miwili sasa, ngazi ya hatua tano tu inanitoa jasho. Mkaza mjomba wako ameanza kufuma sweta nyingine, ya mjukuu, na rangi ni ileile, kwa hiyo mwandae mtoto kisaikolojia.

Lile jiwe nililichonga kupunguza uzito. Watu wa mizigo siku hizi wanapima mpaka vumbi.

Ukuta ni ule wa nyuma, unaoutazama mlima, usiopata jua. Juu yake pana mfereji wa bati wa kupokea maji ya paa, na umeziba kwa majani. Mengine hayana maana. Ukuta ule niliujenga kwa mikono yangu, na kama kuna kosa ni langu. Wewe niambie habari za jiwe tu.

Nasubiri. Kila gari la mizigo likipita natoka nje, mpaka majirani wanadhani nimeagiza gari.

Mjomba.

28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na magoti. Usipande chochote, tafadhali, hata kiti. Mjukuu wako ameipenda rangi ya sweta kabla hajaiona, nimeshamwambia ni ya askari wa mlimani, na sasa analala akiiota. Kazini kwetu bomba lilipasuka tukachota maji chooni siku tatu, na kila ndoo niliyobeba nilikukumbuka ukinifundisha kubeba nikiwa nimenyoosha mgongo.

Kaa chini kabla hujasoma yanayofuata. Jiwe lako si bovu, Mjomba. Si bovu hata kidogo.

Unajua jiwe lenu ni mchanga wa kale uliojilaza tabaka juu ya tabaka, kama vitabu vilivyolazwa mezani. Likikauka matabaka hayaonekani, ni lazima ulilowanishe ndipo mistari yake ijitokeze. Vipande sita nimevilaza kama jiwe lilivyolala ardhini. Sita nimevisimamisha, matabaka yakiwa wima kama vitabu kwenye rafu. Pande zote nimezifunika kwa mchanga mkavu, nikaacha uso mmoja tu wazi, kama ulivyo kwenye ukuta. Mpaka leo vimeganda na kuyeyuka mara arobaini. Vilivyolazwa havijatoka hata punje. Vilivyosimamishwa vinabanduka tabaka moja moja, magamba kama sahani, vilevile ulivyoniandikia.

Kwa hiyo mawe ya ukuta ule yamesimamishwa. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jiwe lilale ukutani kama lilivyolala machimboni, na ndiyo maana kila jiwe lilikuwa linachorwa mstari mwekundu mgongoni kabla halijang'olewa mwambani, ili mwashi ajue upande wa kuweka juu. Upande ule uliouchonga upya nimeuangalia vizuri. Ni ubavu wa jiwe, si mgongo.

Na kuna jambo linanikosesha raha. Ukuta wa mawe yaliyosimamishwa, mahali penye jalidi kama pale, ungeanza kubanduka mwaka wa kwanza au wa pili. Huu umekaa miaka ishirini mizima, umeanza kuharibika miaka miwili tu iliyopita. Ulikuwa unalindwa na nini?

Nitumie jiwe jingine, na hili usilichonge. Nina swali jingine, nimeliandika hapa mara mbili na kulifuta. Litasubiri.

Mpwa wako.

20 Aprili

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, sikukusikiliza, na nikajikuta nimekaa. Nilimwita mkaza mjomba wako nikamsomea tena kwa sauti. Yeye akalia, mimi nikasema nina vumbi machoni. Siku ya pili nikaisoma machimboni mbele ya wote kumi na wanne. Haraka alipiga makofi watu walipokuwa wameshaacha. Sijui nikushukuru vipi. Mama yako angekuwa hai angetembea na karatasi hiyo akiwaonyesha watu asiowajua.

Nimewaandikia kamati. Nimewaambia jiwe ni zima, vipimo vipo, kosa ni la mwashi, na mwashi nilikuwa mimi. Nimewaambia pia kwamba wakichukua mawe yetu kwa wodi ya wazazi, mimi sitasimamia ujenzi, watafute fundi mwingine. Nimekula chumvi ya kutosha, sioni hasara kukaa pembeni.

Jiwe jingine sina. Yameisha.

Na hilo swali ulilolifuta, liache lilivyo. Karatasi ni ghali.

Mjomba.

19 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mtoto mzima, jino jipya limechungulia. Nami mzima wa mwili. Barua hii nimeiandika mara nne, kwa hiyo ukiona imenyooka ujue nyingine zote zilipinda.

Mawe hayajaisha. Nilimwandikia Haraka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake amefanya jambo haraka. Jiwe limefika wiki iliyopita, halijachongwa popote. Ubavuni lina mstari mwekundu, umefifia lakini upo, na mwisho wa mstari pana mkia mdogo uliopinda kwenda juu. Nilikaa nalo mapajani mpaka sweta ikajaa mchanga.

Ule mkia ni wangu. Kila mchoraji machimboni alikuwa na mkono wake, nawe ulikuwa unanitania kwamba mistari yangu ina mkia kama panya. Sasa nitasema lile swali, ambalo si swali hata kidogo. Nilijua, Mjomba. Wiki ile matokeo yalipokaribia kutoka niliteremka mjini siku mbili kuyasubiri bila kukuaga vizuri. Niliporudi nikakuta watu wameshang'oa mawe na kuyapanga uwanjani, na hakuna hata moja lenye mstari. Ningekwambia, ungeniuliza nilikuwa wapi. Nikachukua kopo la rangi nikachora yote pale uwanjani kwa kukisia. Nilichora upande uliokuwa mpana, nikijidanganya kwamba bila shaka ndio mgongo. Yalikuwa makavu, matabaka hayakuonekana, na sikumwaga hata kikombe cha maji niangalie. Kisha matokeo yakatoka mazuri, nikasafiri, nikayasahau. Ulipotaja zahanati ile mwezi wa kwanza, nilianza kuhesabu wiki za mwaka ule. Ulipoandika ni ukuta wa nyuma, nikajua. Ndio mawe ya wiki ile.

Nawe ulijua. Ndiyo maana uliuchonga ule upande.

Haraka alitia kikaratasi ndani ya mzigo. Ameandika hivi: "Mzee kakataza nisiseme, mimi sisemi, naandika. Kila mwaka kabla ya baridi alikuwa anapanda mlimani na ngazi begani, anasafisha mfereji wa zahanati, anaziba bati, anahakikisha ukuta wa nyuma haupati tone. Kila mwaka. Mimi nilishika ngazi. Aliacha juzijuzi magoti yalipomkatalia."

Basi hicho ndicho kilichoulinda. Nimepima mawe miaka kumi na tano, nimeandika kwenye ripoti nyingi kwamba jiwe kavu haliogopi baridi, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna mtu anapanda ngazi kila mwaka ili kosa langu lisilowe. Miaka ishirini, Mjomba. Na kila mwaka huohuo ulikuwa unaniandikia kwamba unajivunia kazi yangu.

Sina neno linalotosha, kwa hiyo natumia lile la kila siku. Ahsante. Ahsante kwa ngazi, kwa bati, kwa kunyamaza, na kwa magoti ambayo sasa najua ni kwa ajili ya nani yaliharibika.

Lakini kunyamaza kumefika mwisho. Nimewaandikia kamati kwa jina langu. Nimeambatanisha vipimo vyote na kuwaeleza nani alichora mistari ile, lini, na kwa nini. Nimewaambia pia kwamba ukuta haufai kubomolewa na kutupwa. Mawe yale yamepoteza ngozi tu. Yatolewe moja moja, yalowanishwe, yageuzwe yalale yanavyotaka, na mfereji uzibuliwe. Barua imeshaondoka kabla ya hii, kwa makusudi, maana nakujua. Unaweza kukasirika sasa.

Mpwa wako mwenye mkia wa panya.

17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima. Sweta ya askari wa mlimani imekamilika, imo ndani ya mzigo huu pamoja na barua.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu mkaza mjomba wako akaniuliza nimemkasirikia nani hasa, hasira ikaniisha. Haraka nimemwachisha kushika ngazi maisha yake yote. Amekubali, kwa kuwa hakuna ngazi nyingine ya kupanda.

Kwa kuwa umesema, nami niseme. Msimu wa kwanza wa baridi baada ya ujenzi, wiki ileile tuliyojiandaa kukusafirisha kwenda chuoni, mhudumu wa zahanati aliniita nikaone gamba la kwanza. Nikang'oa jiwe moja, nikaona mkia. Nilirudi na maneno yote yakiwa mdomoni. Nikakukuta uwanjani unalifunga sanduku kwa kamba, na kinyundo chako kidogo cha kuchongea umekitia katikati ya nguo kisivunje kitu. Nikajua nikisema, utalifungua sanduku lile. Ungebaki kuutengeneza ukuta, kichwa chako ni kigumu kama cha mama yako. Ukuta ningeweza kuulinda kwa ngazi na bati. Wewe usingepata nafasi nyingine ya chuo. Basi nikayameza, nikakusaidia kukaza kamba.

Kisha usinibebeshe utakatifu. Nilichowaambia kamati hakikuwa uongo. Mwashi aliyeyaweka mawe yale bila kuyamwagia maji ayatazame ni mimi. Niliona mkia wako nikasema, huyu hakosei, nikaweka. Nililiamini zaidi jicho lako kuliko langu, na mpaka leo sijutii, isipokuwa kwa wiki moja hiyo.

Kikao kimefanyika juzi. Magoti yalitaka kunizuia, Haraka na wenzake wakanipakia kwenye lori la mawe, nikafika nikiwa mweupe vumbi kama mzigo wenyewe. Mwenyekiti aliisoma barua yako yote, neno kwa neno. Ulipoeleza habari ya kukisia uwanjani, Haraka akanisemea sikioni nisikose hata moja. Halafu muuguzi mkuu, yule mama ambaye amefanya kazi pale tangu zahanati ifunguliwe, akasimama akasema, "Kumbe ndiyo maana mzee huyu alikuwa anakuja kila mwaka. Mimi nilidhani anapenda chai yetu." Watu wakacheka, nami nikacheka, na lile vumbi la machoni likarudi.

Wameamua hivi. Ukuta utafunguliwa jiwe kwa jiwe na kulazwa upya, kama ulivyoelekeza. Wodi ya wazazi itajengwa kwa jiwe letu, mawe yakatwe sasa yakauke msimu mzima kabla ya baridi. Machimbo hayafungwi. Nilipowasomea wale kumi na wanne uamuzi huo, walikubeba juu juu ingawa hukuwepo, yaani walinibeba mimi.

Wana sharti moja. Kila jiwe lichorwe mstari mwambani kabla halijang'olewa, na mchoraji ajulikane na kamati. Mwenyekiti akaniuliza kama ninaye mtu wa kuaminika. Nikamjibu ninaye, anaishi mbali kidogo, ila kazi anaijua, na kosa lake moja amelimaliza.

Basi omba likizo, mlete na mtoto, kuku wamepungua. Mimi nitakaa chini kwenye kigoda nikutazame ukipanda mwambani, na siku nzima sitasema neno, unajua naweza. Rangi nyekundu nimeshanunua. Brashi ni ileile yako, nimeiloweka tangu jana imeanza kulainika.

Na mkia wa mstari usiuache. Nimeuzoea.

Mjomba wako.